Skonzi za zabibu zinatambaa badala ya kupanda: ni joto la Mtwara, unga au jiko?

#1 BintiShangani
Salaam wakuu, naombeni msaada. Niko Mtwara mjini, Shangani. Naoka skonzi za zabibu, zile za Kiingereza za beking pauda, siyo hizi zetu za hamira. Kila nikiziingiza kwenye oveni zinatambaa. Zinaingia na kimo cha vidole viwili, zinatoka bapa, zimeshikana ubavu kwa ubavu, na zabibu zimeshuka chini zikagandia kwenye trei mpaka nizikwangue kwa kijiko. Ladha haina neno, nyumbani hazilali. Shida ni kwamba kuna ofisi wanataka niwapelekee za chai ya saa nne, na kitu chenye sura ile sikipeleki kwa watu.

Vipimo vyangu: unga mweupe wa ngano nusu kilo, Blue Band vijiko vinne vya kulia, sukari nusu kikombe, beking pauda vijiko viwili vya chai, chumvi kidogo, yai moja, maziwa vikombe viwili, zabibu kavu kiganja kimoja na nusu, nazilowesha kwanza kwenye maji ya moto. Oveni ni ya umeme, ile ndogo ya mezani, nyuzi 180, dakika 25.

Dada yangu yuko Newala. Vipimo hivi kanipa yeye, na zake zinasimama. Kwa hiyo mimi nimeshahukumu: ni joto la huku pwani. Mnasemaje?

#2 KoroshoGhafi
Picha mkuu. Uzi wa mapishi bila picha ni umbea.

#3 FundiOveni
180 ni moto wa keki. Skonzi zinataka 220, na dakika 12 mpaka 15 zimeiva. Donge likikutana na moto mkali ghafla, gesi ya beking pauda na mvuke vinasukuma juu, na ngozi ya nje inakaza palepale. Kwa 180 mafuta yanayeyuka mapema, donge linalegea, na likilegea haliendi juu, linakwenda pembeni. Halafu hujasema kama unaiwasha oveni kabla. Hizi ndogo za mezani taa yake ikizimika watu hudhani tayari imekolea. Iache robo saa nyingine, kuta za ndani nazo zishike moto, maana ukifungua mlango tu hewa yote ya moto inatoka.

#4 MamaTandahimba
Mwanangu, umesema maziwa vikombe viwili kwa nusu kilo ya unga? Na yai juu yake? Hapo hata moto wa jehanamu hauinui kitu. Nusu kilo inatosheka na mililita 300 hivi, na yai ukilitia linahesabika humohumo. Donge la skonzi ni laini, linanata kidogo kwenye vidole, ila ukilikata linabaki na ukingo wake. Na zabibu kuzama ndiyo ushahidi wenyewe. Kwenye donge zabibu haina pa kuzamia, inazama kwenye uji.

#5 Mpwani_Halisi
Mimi nipo upande wa mleta uzi. Siagi ya maziwa inayeyuka kwenye nyuzi 32 mpaka 35. Mwezi wa kumi na mbili, mchana, jikoni Mtwara, oveni imewaka: hapo mnadhani ni nyuzi ngapi? Unasugua mafuta kwenye unga ukitegemea yabaki vipunjepunje, kumbe yanageuka maji na unga unayanywa yote. Vile vipunje ndivyo vinavyoacha nafasi ndani skonzi inapooka. Vikipotea inakuwa nzito, inalala. Newala kule juu kuna baridi, lazima zisimame.

#6 DukaLaPembeni
Mpwani, Blue Band siyo siagi. Ni majarini ya mafuta ya mimea, imetengenezwa ikae rafuni bila friji. Haigeuki maji kirahisi hivyo. Ila kama mnataka kumaliza ubishi, aigandishe, aikwaruze kwa kikwaruzio cha karoti moja kwa moja kwenye unga, achanganye kwa uma, mikono isiguse. Unga nao aulaze kwenye friji. Kama joto ndilo mchawi atajua siku hiyohiyo.

#7 Mzee_wa_Hamira
Skonzi ni za hamira, unachana unachovya kwenye chai. Hizo zenu ni biskuti zilizopotea njia. Endeleeni.

#8 KoroshoGhafi
Mzee kaamka vibaya 😂

#9 BintiShangani
Asanteni. Mama Tandahimba, kikombe ni kile cha plastiki cha bluu cha kunywea uji. Nimechukua chupa ya maji ya nusu lita nikamimina: vimejaa viwili na chupani yamebaki ya kufunika chini tu. Na kweli donge linanata mno, ndiyo maana nikifika kwenye kukata nanyunyiza unga mpaka likubali kushikika.

Fundi, oveni naiwasha nikianza kupanga skonzi kwenye trei.

#10 MamaTandahimba
Karibu nusu lita nzima, na yai. Mimi nimemaliza.

#11 MwalimuMasasi
Mama, hujamaliza. Soma alichoandika: ananyunyiza unga mpaka donge likubali. Unga huo wa mwisho hauna beking pauda ndani yake. Na hata kabla ya kuuongeza, vijiko viwili vya chai kwa nusu kilo ni vichache. Waingereza wana unga unaouzwa umeshatiwa beking pauda. Ukitaka kuuiga nyumbani unaweka vijiko viwili kwa kila gramu 150, kwa hiyo nusu kilo inaomba kama sita. Yeye ana viwili, kisha anavizidishia mzigo.

La pili, unga ule wa kunyunyiza hauingii wenyewe, anaukanda. Skonzi haikandwi. Inakusanywa, inakunjwa mara mbili tatu, inabonyezwa kwa kiganja, inakatwa. Ukiikanda, gluteni, ile protini ya ngano inayovutika, inakaza na skonzi inakuwa ngumu.

#12 Mpwani_Halisi
Vijiko sita! Si watu watakula sabuni?

#13 MwalimuMasasi
Ladha ya sabuni huletwa na soda, bikaboneti tupu iliyokosa tindikali ya kuimaliza. Beking pauda imeshachanganywa na tindikali yake, na wanga wa kuifanya ikae kavu. Chekecha na unga mara mbili. Ukiona madoadoa ya kahawia juu ya skonzi, ujue haikuchekechwa.

#14 DukaLaPembeni
Na hiyo beking pauda yenyewe kainunua wapi? Nauza vitu hivi, najua mchezo wake. Kopo likishafunguliwa huku pwani, hewa yetu ina unyevu, linaanza kufanya kazi humohumo ndani kimyakimya. Mbaya zaidi ni vile vifuko vya kupima, vimefungwa kwa mshumaa, haijulikani kopo lilifunguliwa lini. Chukua kijiko kimoja, mimina kwenye glasi yenye maji ya moto. Ikifoka kwa fujo, nzima. Ikitoa vipovu vya kuhesabika, tupa.

Soda peke yake huipimi kwa maji, unaipima kwa ndimu au siki.

#15 BintiShangani
Ni ya kifuko 🙈. Nimeijaribu. Imetoa povu, lakini la uvivu.

#16 KoroshoGhafi
Povu la uvivu. Nimeliandika kwenye daftari.

#17 FundiOveni
Tuache povu kidogo. Dada, oveni yako umeichomeka wapi? Moja kwa moja ukutani au kwenye waya wa kuunga?

#18 BintiShangani
Waya wa kuunga, unatoka sebuleni. Soketi ya jikoni ina friji.

#19 FundiOveni
Nilijua. Sikilizeni, hili watu wengi hawalijui. Oveni ikisoma 180 maana yake umezungusha kitufe mpaka kwenye 180, siyo kwamba ndani kuna 180. Waya mwembamba mrefu unakula volti njiani. Nguvu ya kinachopasha moto haishuki sawa na volti, inashuka zaidi, kwa kipeo cha pili. Oveni ya wati 2000 kwenye volti 230, ukiipa volti 180 tu inakupa kama wati 1200. Itachemka, lakini polepole, na ukifungua mlango kuweka trei inachukua muda kurudi. Muda wote huo skonzi zako zimekaa kwenye uvuguvugu, beking pauda inamalizika na hakuna ukoko wa kuishika.

Shika ule waya skonzi zikiwa ndani. Ukiwa wa moto mkononi, siyo skonzi tu, hata nyumba iko hatarini. Nunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni, utashangaa.

#20 MamaTandahimba
Fundi amepata pa kuuzia waya.

#21 FundiOveni
Mama, waya siuzi, nafunga tu 😀

#22 DadaWaNewala
Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye huyo dada, nimeletewa huu uzi na mtu. Vipimo nilimpa kwa simu huku nafukuza mbuzi wa jirani kwenye mchicha, asinifikishe mahakamani.

Maziwa niliyosema ni ya mgando. Na siyamimini yote. Namimina kidogo kidogo, nachanganya kwa kisu, donge likishikana naacha, yaliyobaki nakunywa. Beking pauda vijiko viwili kweli, lakini na nusu kijiko cha chai cha beking soda kwa ajili ya ule mgando. Zabibu siloweshi. Yai silitii ndani, napaka juu. Na oveni sina, natumia sufuria na mkaa.

#23 BintiShangani
Dada jamani! Vikombe viwili uliniandikia kwenye meseji.

#24 DadaWaNewala
Niliandika "viwili viwepo".

#25 KoroshoGhafi
Viwepo 😂😂😂 Uzi wa mwaka.

#26 MwalimuMasasi
Basi ile hoja ya "Newala zinasimama, Mtwara zinalala" imekufa. Maziwa tofauti, soda ipo kwa mmoja kwa mwingine haipo, yai tofauti, jiko tofauti. Mgando mzito hautiririki hata ukizidi kidogo, na tindikali yake inaiamsha soda mara moja. Hapo hatulinganishi mji na mji.

#27 Mpwani_Halisi
Na baridi ya Newala nayo ni tofauti, mbona hiyo hamuitaji? Isitoshe kule ni juu, hewa nyepesi, gesi inatanuka zaidi.

#28 MwalimuMasasi
Hewa nyepesi ni kweli kwa walio juu sana. Newala mjini haifiki mita 1,000. Vitabu vya mapishi huanza kukupunguzia beking pauda kuanzia karibu na hapo kwenda juu. Baridi nakupa, mwinuko sikupi.

#29 Mpwani_Halisi
Baridi nimeipokea.

#30 BibiMikindani
Wajukuu, hamjambo. Nimewasoma wote. Mnazungumza volti na nyuzi, sisi tumeoka kwa sufuria miaka yote hapa Mikindani na vitu vimepanda. Nitasema ninavyofanya, atakayetaka achukue.

Sufuria kubwa, nzito, usitumie ile nyepesi ya bati itakutobokea. Mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili. Juu ya mchanga weka vijiwe vitatu au kifuniko cha kopo, trei isikae juu ya mchanga wenyewe. Funika, weka kwenye mkaa uliokolea, na juu ya mfuniko palia makaa. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Watu wanakosea hapo, wanaweka makaa mawili ya kubembeleza juu, wanabaki kulaumu unga. Acha sufuria ishike moto kwanza, robo saa na zaidi. Nyunyiza unga kidogo kwenye kisosi, kiweke ndani, funika. Ukigeuka kahawia upesi, moto umefika. Ukiwa mweusi mara moja, punguza. Ukibaki mweupe, skonzi zako zitatambaa, hata uwe na beking pauda ya mfalme.

Sasa kukata. Chukua glasi, chovya mdomo wake kwenye unga, bonyeza moja kwa moja chini, inua. Usizungushe! Nyote mnazungusha, nawaona. Ukizungusha unakandamiza ule ukingo, unaushonea, upande mmoja unapanda na mwingine unagoma, skonzi inatoka imeinama. Donge lisipungue unene wa vidole viwili, na hapo simaanishi vidole vya mtoto. Zipange zikaribiane, nafasi ya kupitisha ncha ya kisu tu, zikikosa pa kwenda pembeni zinakwenda juu. Zabibu zilizochungulia juu zisukume ndani kwa kidole maana zinaungua na kuwa chungu. Yai paka juu peke yake. Likitiririka ubavuni linaganda na kuufunga upande huo.

Zikiiva usizifunue zikapigwa na upepo. Zifunike kwa kitambaa.

#31 DadaWaNewala
Bibi kamaliza kila kitu. Shikamoo bibi.

#32 FundiOveni
Bibi, hayo ya makaa ya juu ndiyo hayohayo ninayosema mimi. Moto hautoshi.

#33 MamaTandahimba
Hayohayo wapi. Bibi kasema donge vidole viwili. Donge la nusu lita ya maziwa utalisimamisha vidole viwili na nini, na kuta?

#34 Ruangwa_Stand
Mnasumbuka na mkaa na umeme wakati gesi imejaa chini ya miguu yenu. Mnazi Bay hapo, Songo Songo kule Kilwa. Watu wa Kusini tungekuwa tunaoka kwa gesi yetu bei ya bure.

#35 FundiOveni
Mkuu, gesi ya mtungi siyo ile. Ya Mnazi Bay na Songo Songo ni gesi asilia, karibu yote ni methani, inakwenda kwa bomba, na lile bomba la Mtwara hadi Dar lilianza kazi 2015. Ya mtungi ni propani na butani, inakuja na meli kutoka nje. Hata vijitundu vya jiko ni tofauti. Wenye bomba la nyumbani mjini wapo, ila mimi na wewe hatumo.

#36 Ruangwa_Stand
Kwa hiyo inapita mlangoni inakwenda kuoka skonzi za Dar.

#37 KoroshoGhafi
Moderator, huyu aende jukwaa la siasa.

#38 TuiLaKwanza
Nipo Lindi, Mitwero. Mbona hakuna aliyetaja nazi? Mimi maziwa ya ng'ombe situmii kabisa. Tui zito la kwanza, lililopoa, ndilo maziwa na ndilo nusu ya mafuta. Blue Band napunguza. Harufu yake skonzi zikifunuliwa jirani anabisha hodi. Zinapanda kiasi, haziendi juu mno, lakini ndani ni laini mpaka kesho yake.

#39 Mpwani_Halisi
Au mafuta ya nazi badala ya Blue Band?

#40 TuiLaKwanza
Hapana, hayo nilishayapima. Mafuta ya nazi yanageuka maji kwenye nyuzi 24. Lindi hata asubuhi ya mapema yako maji. Utayasugua vipi kwenye unga?

#41 Mpwani_Halisi
Si ndiyo hoja yangu ya joto tangu mwanzo? Hamnisikilizi.

#42 Mtoto_wa_Nachingwea
Kuna swali la nje kidogo: hizi skonzi zimefikaje Kusini? Babu yangu alikuwa anasema zilikuja na Waingereza wa mradi wa karanga, Nachingwea. Walikuwa na mabwalo, na chai ya jioni wakiletewa skonzi za zabibu.

#43 MwalimuMasasi
Mradi wa karanga ulianza 1947 na serikali ya Uingereza ikauacha 1951. Umeacha historia kubwa, bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilitokana nao, na reli yenyewe ikaja kung'olewa. Lakini wamisionari Waingereza wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walifika Masasi 1876. Usiniambie walikaa zaidi ya miaka sabini bila kuoka kitu.

#44 Mtoto_wa_Nachingwea
Na Ndanda je?

#45 MwalimuMasasi
Ndanda ni Wabenediktini, walitoka Ujerumani, kituo kilianza 1906. Hao ni watu wa mkate wa hamira.

#46 Mzee_wa_Hamira
Watu wenye akili.

#47 Mpwani_Halisi
Mnasahau waokaji wa Kihindi wa Lindi na Mikindani. Kabla ya mradi wowote mjini kulikuwa na mikate na biskuti. Kila kitu mnakipa bara.

#48 MwalimuMasasi
Inawezekana kabisa. Ila kama tunafuatilia asili yenyewe, skonzi ni ya Uskoti, na mwanzo haikuwa na beking pauda wala oveni. Beking pauda ni ya juzi, Alfred Bird aliitengeneza Uingereza 1843 kwa sababu hamira ilikuwa haipatani na mkewe. Waskoti waliipika kwenye bamba la chuma juu ya moto, unga wa shayiri, wanakata vipande vya pembe tatu.

#49 DukaLaPembeni
Bamba la chuma juu ya moto si chuma cha chapati hicho?

#50 MwalimuMasasi
Ndicho. Na inafanyika mpaka leo. Donge la unene wa kidole kimoja, chuma kizito, moto mdogo, dakika tano hivi kila upande. Hakuna kuungua na umeme.

#51 DadaWaNewala
Sasa hiyo ndiyo nitajaribu. Mkaa wa sufuria unanimalizia gunia.

#52 BintiShangani
Jamani mimi nina oda, msinipeleke Uskoti.

#53 PepetaUnga
Nimechelewa. Mmesema moto, maziwa, mafuta, beking pauda, hakuna aliyegusa unga. Waingereza wanatumia ngano laini, protini 9 au 10 kwa mia. Angalieni nyuma ya pakiti zenu, nyingi ni za unga wa kazi zote, chapati humo, mandazi humo, mkate humo. Unga wenye protini nyingi unavutika, ukiuchezea kidogo tu unakuwa wa mpira. Toa vijiko viwili vya kulia vya unga katika kila kikombe, weka wanga wa mahindi mahali pake, chekecha.

#54 MamaTandahimba
Unga laini unakunywa maji kidogo kuliko mgumu. Kwa hiyo akifuata ushauri wako na maziwa yale yale, zitatambaa mpaka mlangoni.

#55 PepetaUnga
Ni kweli mama, apunguze na maziwa.

#56 MamaTandahimba
Nimesema tangu namba 4.

#57 Mwana_Naliendele
Mimi nauliza, zabibu za nini? Msimu huu mabibo yamejaa chini ya mikorosho yanaoza. Hapa Naliendele watu wamefundishwa siku nyingi kutengeneza jamu na juisi za mabibo. Yakate vipande vyembamba, yakamue maji, yachemshe kwenye sukari, yaanike. Yakikauka yanaingia kwenye skonzi vizuri kuliko zabibu.

#58 KoroshoGhafi
Na ukakasi?

#59 Mwana_Naliendele
Ndiyo maana ya kuyakamua na kuyachemsha. Yaloweke kwanza kwenye maji ya chumvi, yasuuze. Ukakasi haukwishi wote, lakini kwenye kitu kitamu unavumilika. Mabichi usithubutu, yana maji mengi mno, utarudi kwenye kesi ya Mama Tandahimba.

#60 DukaLaPembeni
Na korosho je? Vipande vilivyobanguliwa vikavunjika, bei yake si ya zile nzima. Kaanga kidogo, ponda, tia nusu zabibu nusu korosho.

#61 KoroshoGhafi
Mimi zangu ziko ghalani zinasubiri mnada, zikilipwa nakuja kula skonzi za kila namna. Na hao Waingereza wanakula na nini? Kavu hivyo hivyo?

#62 MwalimuMasasi
Unaipasua katikati, jamu na malai mazito. Na hapo wana ugomvi wao: kuna majimbo mawili huko Uingereza, Devon wanapaka malai kwanza, Cornwall wanapaka jamu kwanza. Hawajapatana mpaka leo.

#63 Mzee_wa_Hamira
Watu wazima na akili zao.

#64 TuiLaKwanza
Mzee, na wewe uko humu tangu asubuhi unapigania hamira.

#65 BintiShangani
Nimerudi. Nimekusanya yote. Kesho: maziwa mililita 300 na yai ndani ya hesabu, Blue Band iliyogandishwa, beking pauda ya kopo jipya vijiko sita, zabibu siloweshi, glasi sizungushi, oveni nachomeka ukutani na friji naichomoa, 220, naiwasha nusu saa kabla.

#66 FundiOveni
Dada, usibadilishe yote mara moja. Anza na moto peke yake, mengine acha yalivyo. Zikipanda utajua lilikuwa ni jiko.

#67 MamaTandahimba
Aanze na maziwa peke yake.

#68 Mpwani_Halisi
Aanze na friji.

#69 MwalimuMasasi
Kwa kweli Fundi anasema jambo la maana. Ukibadilisha mambo manane kwa siku moja hutajua kilichosaidia ni kipi.

#70 BintiShangani
Mwalimu, mimi nina watu wanaosubiri chai saa nne. Nataka zipande. Kilichosaidia ni kipi mtagombania nyie humu.

#71 MamaTandahimba
Maziwa.

#72 FundiOveni
Waya.